Wewe ni wa Hapa?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvaa shati jeupe. La pili, kalamu mfukoni. Nilikuwa namsindikiza shangazi kliniki ya macho, katika hospitali moja kubwa ya hapa Dar ambayo sitaitaja, maana tarehe ya kurudi tunayo bado.

Tulifika saa 12 na nusu asubuhi. Mlangoni akatupokea kijana mwenye kamba ya kitambulisho shingoni, kitambulisho chenyewe kimezama ndani ya mfuko wa shati.

"Shikamoo mama. Macho? Anzieni dirisha namba 4."

"Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie," shangazi akajibu, tukajipanga dirisha namba 4. Dakika 40 baadaye, dada wa dirishani alitutazama kama tuliomletea kuku wa kupima mkojo.

"Hapa maabara. Nani kawaambia mje hapa?"

"Yule kijana wa mlangoni."

"Yule si wa hapa."

"Mbona amesimama hapa?"

"Anajitolea."

Basi neno hilo, kujitolea, mjini kwetu limebeba mizigo mingi. Yupo aliyemaliza chuo, cheti anacho, ajira anaisubiri, na kila siku saa 1 na nusu yuko kazini akifanya kazi zote ambazo wenye mshahara wameziacha. Akibahatika anapewa nauli. Wapo vijana wa kwaya wanaokuja Jumamosi kufagia uwanja na kusukuma viti vya magurudumu. Na yupo yule ambaye hakuna anayekumbuka alianza lini wala alitumwa na nani, ila funguo za stoo anazo. Wote hao wana kamba shingoni. Kamba si hoja: hata mimi ninayo nyumbani, niliipata kwenye semina, naning'inizia ufunguo wa choo.

Aliyetuokoa hakuwa na kamba. Alikuwa mama wa makamo, kitenge na kandambili, amekaa kwenye benchi kama mwenye benchi. "Macho? Kwanza mkafungue faili, kisha mlipie, halafu chumba namba 11. Hiyo karatasi ya njano msiikunje, ikikunjwa wanairudisha. Na msikae upande huu, feni yake haizunguki." Kila alichosema kilikuwa kweli, pamoja na feni. Shangazi akaamini kabisa kwamba huyu ndiye muuguzi mkuu, akamnyooshea mkono ampime presha. Kumbe naye mgonjwa. Ana presha ya jicho, na huo ulikuwa mwezi wa tatu wa nenda rudi. Shahada yake aliisomea palepale kwenye benchi.

Mimi kuchanganya watu hakukuanza hospitali. Enzi za stendi ya Ubungo, kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi Luis mwaka 2021, niliamini kwamba angalau mpiga debe anajulikana. Jina lenyewe linamsema: debe ni bati la lita 20, na mtu anayepiga bati hawezi kukudanganya kuwa yeye ni meneja. Lakini madebe yaliisha zamani, yakabaki makoo. Baadaye makoo yakavaa mashati ya kupigwa pasi na kushika vitabu vya risiti.

Mmoja wao alinipokea begi siku naenda Morogoro, akaniambia basi limejaa, linaondoka sasa hivi. Nikachungulia: kweli limejaa, imebaki siti moja. Jirani yangu alikuwa kaka mcheshi sana. Tuliongea habari za watoto wake, mdogo alikuwa anaota meno. Abiria wa kweli walipoanza kupanda, yule kaka akasimama, akaniaga vizuri, akashuka. Nyuma yake wakashuka wengine kumi na kitu. Walikuwa wapiga debe wenzake, wamekaa humo ili basi lionekane limejaa, na kila akipatikana abiria mmoja, anashuka mmoja. Tuliondoka baada ya saa mbili. Nilimjua mpiga debe wa nje, sikujua kuna mpiga debe wa kukaa. Mpaka leo najiuliza kama yule mtoto wa meno alikuwapo.

Waingereza walilimaliza jambo hili kwa nguo. Kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 2012 walikuwa na watu wa kujitolea kama 70,000, wakawavalisha zambarau na nyekundu kiasi kwamba hata asiyejua kusoma angewatambua kutoka ng'ambo ya barabara. Baadhi wakapewa mkono mkubwa wa sponji wenye kidole kirefu cha kuonyesha njia. Nikafikiria yule kijana wetu wa mlangoni akipewa mkono wa aina hiyo, akautumia kuelekeza watu wote dirisha namba 4, nikaona heri tubaki na kamba.

Turudi chumba namba 11. Shangazi aliitwa ndani kuwekewa matone ya kutanua mboni, nami nikakaa kwenye kiti kando ya mlango. Shati jeupe, kalamu mfukoni, faili la shangazi mapajani.

Wa kwanza aliuliza, "Samahani, hapa ndipo macho?" Nikasema ndiyo, hilo nilikuwa na uhakika nalo. Wa pili aliuliza choo kiko wapi. Wa tatu, mzee mwenye bakora, akaniita daktari. Nilitaka kukanusha, lakini alikuwa ametoka mbali na alionekana amechoka kukanushiwa. Nikamwambia karatasi ya njano asiikunje. Alinishukuru hadi nikaona aibu, kisha aibu ikapungua. Kufikia saa 5 nilikuwa nimesimama. "Jamani, foleni moja! Waliolipia upande huu!" Na watu wakatii, jambo ambalo nyumbani kwangu halijawahi kutokea. Nikawahamisha wote kutoka chini ya feni mbovu. Mama wa kitenge alinitazama kutoka kwenye benchi lake kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyefaulu kwa kuibia.

Muuguzi wa kweli alitoka akiwa na mafaili hadi kidevuni. "Kaka, huyu mzee ni wa chumba namba 7, kwa nini umemweka hapa?" Nikamwomba radhi. Nikamwomba radhi kikazi kabisa, nikasema halitajirudia. Ametembea hatua nne ndipo akageuka. "Kwani wewe ni wa hapa?"

Nikafungua mdomo kujibu, mlango wa chumba namba 11 ukafunguka. Shangazi akatoka akipapasa ukuta, mboni zimetanuka kama vifungo vya koti, dunia yote kwake ni ukungu wenye watu. Akaliona shati jeupe.

"Samahani daktari," akasema kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nizaliwe, "kuna kijana wangu nilimwacha hapa mlangoni. Hujamwona?"

Sauti ikanitoka yenyewe.

"Dirisha namba 4, mama."