Pisha Urithi Upite

Tuwashukuru wanaotuuzia "safari ya urithi" kwa baiskeli, kutoka Tanga mjini hadi magofu ya Tongoni. Bila wao tusingejua kwamba kunyonga baiskeli barabara ya Pangani ni starehe. Mgeni, kofia ngumu kichwani, analipa dola ili atoke jasho, kisha anapiga picha makaburi ya kale, jirani na pwani ambako merikebu ya Vasco da Gama ilikwama mwaka 1498. Muuza madafu anayempita, matenga mawili yamefungwa kwenye keria kwa kamba za mpira, breki yake soli ya kandambili, huyo si mtalii. Huyo anaharibu mandhari. Basi, kaka yangu wa madafu, ukisikia kengele nyuma yako, shuka, pisha urithi upite.