Matembezi ya Mawe

Msomi wa Mwanza kapakia mke, watoto, hotipoti la pilau na nyundo mpya kwenye gari: eti familia inakwenda kuokota mawe, ni burudani. Jiji lenyewe limekaa juu ya graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na nyumba za Mabatini zimeyaegemea majabali kama walevi ukutani. Hayo hayamtoshi, si ya volkano. Yeye anataka ya Mwadui, kule Shinyanga, ambako mwanajiolojia Williamson alikuta almasi mwaka 1940 kwenye koo la volkano iliyozimika zamani. Moja ya rangi ya waridi, karati 54.5, akamtunza Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. (Sisi harusini tunachanga kreti za soda.)

Lakini Mwadui kuna uzio na walinzi, na Sheria ya Madini ya 2010 inazungumzia leseni, haina kifungu cha pikiniki. Basi wakaishia mlimani nyuma ya mtaa, pale mama mmoja anapogonga kokoto tangu alfajiri. Watoto wakajaza mifuko, baba akapiga picha.

Mama akaweka nyundo chini. "Karibu, bosi. Unachukua ndoo ngapi?"