Ufunguo wa Stoo

Kiswahili kina mpunga, mchele, wali na ukoko, lakini neno la mtu kuinuka kitini kwa hiari yake ilibidi tuliazime Butiama. Mwalimu Nyerere ndiye aliyetuzoesha "kung'atuka", neno la Kizanaki. Naye mwenyewe aliachia urais mwaka 1985, uenyekiti wa chama akauachia 1990. Hata mwenye neno alilitumia kwa awamu.

Sheria yetu ya utumishi wa umma Tanzania haina makuu: ukifika miaka 55 unaweza kustaafu kwa hiari, 60 ni lazima. Hiyo hiari kila mtu anaisifu, hasa akimwelekezea mwenzake.

Ofisini kwetu tunaye mzee mmoja (jina tumstahi). Kiti chake kina mto, kikombe chake hakiguswi, na ufunguo wa stoo analala nao. "Nikiondoka mimi, hapa patalala," hutuambia kila Jumatatu. Alipougua wiki tatu palilala kweli: tulilala sisi, kwa raha.

Sasa 60 inabisha hodi. Juzi kaja na hati ya kiapo kutoka kwa wakili: kumbe amezaliwa miaka minne baadaye kuliko tulivyodhani! Tumepiga hesabu, basi darasa la kwanza aliingia akiwa na miaka mitatu. Kipaji hicho, jamani, na hakupandishwa cheo hata mara moja!

Shikamoo mzee wetu. Kikombe chukua, mto chukua. Ufunguo tuachie.