Imekuja, Imekwenda

Tangu tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, chenga zimetutoka machoni, nami, ijapokuwa ni mpenda maendeleo, nazililia hadi leo. Zama za chenga mtu aliweza kutazama mpira kwa kukisia: kivuli kikianguka langoni, sebule nzima ikadai penalti. Dijitali haina huruma hiyo; ama itakupa picha safi isiyo na ila, ama itaukatakata uso wa msoma habari vipande vya mraba, kisha maandishi yatokee kukuarifu kwamba mawimbi hakuna, jambo ambalo umekwisha liona.

Katika dhiki hiyo ndipo muuza antena apatapo riziki yake. Dukani tulionyeshwa antena iitwayo ya dijitali, yenye mabawa, mota ya kuizungusha na rimoti yake, naye akaisifu kama mshenga aliyekwisha kula ada. Ilhali antena, msomaji, haijui dijitali wala analojia. Ni vipande vya aluminiamu vya kunasa mawimbi, na maadamu urefu wake unaafikiana na masafa, na imeelekea mnarani, haidaiwi zaidi. Yagi na Uda, Wajapani, waliibuni ile yenye umbo la mifupa ya samaki miaka ya 1920, na hadi leo haijapata mshindani juu ya mapaa yetu. Masafa ya UHF hutaka fito fupi, takriban sentimita 30 kwa megahezi 500. Lile jitu la zamani lililotengenezwa kwa ajili ya VHF lifaa kuanikia nguo.

Mjomba, asiyeamini mota, alipanda mwenyewe juu ya bati, mkewe akasimama uani, mtoto akakaa mbele ya king'amuzi.

"Je, hapa?"

"Bado, mjomba!"

"Na hapa?"

"Bado! Imekuja! Imekwenda!"

"Baba Asha, rudi ulikotoka!"

"Nimetoka wapi?"

Msiba wenyewe ni kwamba king'amuzi, kabla ya kutoa picha, hukaa sekunde kadhaa kikitafakari, hata neno "imekuja" limfikiapo aliye juu, antena imekwisha elekea baharini. Majirani, ambao kila mmoja alikuwa fundi jioni ile, wakashauri busta. Nayo ikaletwa, ikakuza mawimbi na makelele kwa insafu kamili, yaani hali ikabaki vile vile, fauka ya umeme ilioula. Kilichotufaa hatimaye ni kuuinua mlingoti ukapita mwembe wa jirani, na kubadilisha waya uliokuwa umeoza kwa hewa ya chumvi.

Basi nawe ukipanda, geuza kiasi cha upana wa kidole, kisha nyamaza uhesabu hadi kumi kabla hujagusa tena. Na ukienda dukani, nunua fito na waya mzuri. Rimoti mwachie mwenye duka.