Koti, Fundi na Kashfa

Siku hizi Mpanda huwezi hata kuguna. Ukisema chai imepoa, mwenye mgahawa anakujibu umemchafulia biashara, mtakutana mahakamani. Mtu anavumilia vumbi la Kawajense tangu asubuhi, ila neno moja la mteja ndilo linalomtoa roho.

Sasa nimeitwa kwa mjumbe. Kosa langu ni kuandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kwamba fundi aliyenishonea koti la harusi ya binamu yangu arudi kushona magunia ya mpunga. Koti lenyewe, mkono wa kushoto umeishia juu ya saa, wa kulia umefunika vidole. Pilau nililila huku nimekunja mkono kama mtu anayeosha gari. Fundi akanijia juu: "Kaka, umenikashifu! Hiyo ni jinai, utafungwa!"

Jinai ipi? Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha, ilivikataa vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016, vya kashfa vikiwemo. Mwaka 2023 Bunge likaitoa kashfa kwenye jinai ya sheria hiyo. Yamebaki madai, na huko nako upo utetezi wa maoni ya haki. Kusema hujui kushona ni maoni yangu, hata yakiuma. Ningesema umeniibia kitambaa, hapo ningedaiwa ushahidi. (Kitambaa kilichobaki sijakiona hadi leo. Sisemi kitu.)

Lakini sivimbi sana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, bado inamsubiri anayesambaza uongo kwa makusudi: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ndiyo maana koti nimelipiga picha pande zote.

Kwa mjumbe nikaambiwa nilivae. Fundi akanizunguka, akashika pindo, akatikisa kichwa. "Mzee, koti halina shida. Huyu kaka ana mkono mmoja mfupi."

Watu wakaangua kicheko. Nikasimama: mzee, haya sasa si maoni! Mkono unapimika, na kaniambia mbele ya kadamnasi. Nani kamkashifu mwenzake hapa?

Mjumbe akamtuma mjukuu akalete futi. Mtoto akarudi mikono mitupu: mtaa mzima, mwenye futi ni fundi peke yake.