Hodi, Ghorofa ya Ngapi?

Sina kinyongo na mwenye nyumba yake. Hata mimi ninayo, mvua ikinyesha tunahamishahamisha ndoo. Lakini ile ya tajiri Mukesh Ambani kule Mumbai, India, iliyokamilika 2010, inanipa shida ya hesabu. Imepanda mita 173 na ina ghorofa 27 tu, maana dari zimeinuliwa mpaka urefu huo ungetosha ghorofa 60. Maegesho ni ya magari 168. Familia yenyewe, wakati huo, watu sita.

Namfikiria mama mwenye nyumba akitaka kumwita mtoto aje ale. Sisi huku tunapaza sauti mara moja, na mtoto wa jirani naye anaitika. Pale sijui unatuma lifti au helikopta. Viwanja vitatu vya helikopta viko juu ya paa.

Kuna na chumba cha theluji. Nje muuza chai anajipangusa jasho kwa kitambaa cha begani, ndani kuta zinamwaga theluji. Watu wanatofautiana kwa joto, hilo tulikubali.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha wakfu wa nyumba ya yatima. Kiliuzwa 2002, na mabishano yakafuata. Tuyapite, yatima hawana lifti.

Nyumba inaitwa Antilia, jina la kisiwa ambacho mabaharia wa zamani walikichora kwenye ramani ilhali hakikuwahi kuwepo. Bila shaka nao walipiga hodi wee, asiitike mtu.