Ng' Ni Herufi Ngapi?

Mimi ni fundi wa stika, na mwenye matatu hanisumbui. Tangu kanuni za waziri John Michuki zianze kutumika Februari 2004, gari lake sharti liwe na ule mstari wa manjano ubavuni na njia yake iandikwe wazi, na akikaidi atajadiliana na askari wa trafiki huko mbele Kaplong, si na mimi. Nataja bei, anaguna kidogo kwa ajili ya mila, analipa. Kazi inayonitoa jasho ni dirisha la duka.

Hapa Kapkatet watu wamezoea kuandikiwa duka bure. Kampuni ya simu itapaka ukuta mzima rangi yake, ya saruji itachukua ukuta wa pili, na mwenye duka ataachiwa nafasi ya jina lake juu ya mlango. Sasa wewe njoo na futi yako ya kupimia useme stika za kioo cha mbele ni shilingi 18,500. Utatazamwa kama mtu aliyekuja kuuza hewa.

Mzee mmoja mwenye agroveti aliniita mwezi wa Julai. Huo mwezi una maana yake. Kwetu kwenye majani chai mwaka una Oktoba, bonasi inapotoka, halafu una miezi mingine. Julai hesabu za KTDA, shirika la wakulima wa chai, zimeshafungwa tangu Juni 30, kila mkulima anajua bonasi ipo, ila haishikiki, na agroveti inaendeshwa kwa daftari la madeni. Tukaamkuana, chamgei, nikaulizwa nyumbani ni wapi na baba ni nani, nikaletewa chai ya maziwa. Nilipoongezwa kikombe cha pili nikajua bei yangu imeanza kushuka.

"Kijana wangu, herufi moja ni pesa ngapi?"

Swali hilo tumerithishwa na wachoraji wa brashi. Wao walikuwa na haki ya kutoza kwa herufi, maana mkono huanza upya kwa kila moja. Stika hukatwa na mashine. Jasho langu liko kwenye kupembua: kuondoa kwa wembe na pini kila kisichotakiwa, ili herufi zibaki peke yake kwenye karatasi. Herufi ya nusu mita unaivua mara moja. Ya sentimita mbili, kila tumbo la "a" ulichokoe, kila tumbo la "o" ulichokoe, na ukipiga chafya unaanza tena. Kwa hiyo yale maandishi madogo ya chini, "chanjo, mbegu, chakula cha kuku", ndiyo yanayokula siku. Nikamweleza mzee yote haya kwa adabu.

"Yaani ndogo ni ghali kuliko kubwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ndama ni ghali kuliko ng'ombe?"

Duka zima likacheka. Mpwa wake, ambaye amesomea kompyuta na kwa hiyo huitwa kila penye waya, akatoa maoni kwamba haya mambo siku hizi simu inayafanya yenyewe. Mteja aliyekuja kununua dawa ya kupe akaweka kopo chini ili asikilize vizuri. Nikaona bora tuhesabu kwa herufi, tufike mahali.

Hapo ndipo mzee alipogeuka mhariri. Alipojua kila herufi ina bei, alikata bila huruma. "Dawa za Mifugo" ikawa "Dawa". Nikamkumbusha kwamba Kapkatet ina hospitali na barabara hii imejaa wagonjwa. Watu wataingia humu na kikohozi. Mifugo ikarudi, kwa masikitiko. Lakini jina la ukoo lisingekatwa, na ukoo wake ni wa wale wenye ng', kama akina Ng'eno na akina Ng'etich waliojaa pande hizi. Mzee akasema ng' ni herufi moja, sauti ni moja. Mwalimu aliyekuwa akipita akaitwa, akasema ni mbili na alama. Mimi nikasema hiyo alama ndiyo ghali kuliko zote, maana ni kijipande kama punje ya mchele, hakina pa kushika, na upepo ukivuma kinaishia kwenye nyasi. Hakuna aliyeniunga mkono.

Mvua pia haimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Huku hunyesha alasiri, na mara nyingi huja na mawe. Miaka ya 1960 na 1970 wenye chai wa Kericho walijaribu kuizuia mvua ya mawe, kwanza kwa roketi, baadaye kwa ndege zilizopanda mawinguni. Mimi nina kitambaa. Kioo kikilowa mvua stika haishiki vizuri, kwa hiyo nilikaa kibarazani na ngazi yangu nikitazama maji, na muda huo haukulipiwa, kwa sababu kusubiri hakuna herufi.

Tukafikia 11,000. Mzee akauliza vipande vilivyobaki baada ya kukata ni vya nani, akavichukua, halafu akaomba nyongeza: pale juu ya kaunta, kwa rangi nyekundu, LEO HAKUNA MKOPO, NJOO KESHO. Herufi 23, alizihesabu mwenyewe kwa kidole. Nikazibandika. Nilipokuwa nakunja ngazi akaniambia kwa upole kwamba nusu nipokee sasa, na nusu nyingine bonasi ikitoka.

Nikamwonyesha maandishi mekundu juu ya kichwa chake.

"Hayo ni ya wateja," akasema. "Wewe ni fundi."

Oktoba pesa ilikuja kwa M-Pesa, usiku, kamili, bila ada ya kutolea. Kesho yake nikapita kumdai hiyo ya kutolea. Nikamkuta mlangoni, macho kwenye kioo: ile alama ya ng' ilikuwa imebanduka. Mwalimu alikuwa ameshaitwa. Walikuwa wakibishana kama narudisha pesa ya herufi nzima au nusu.